Kipara Changu na Wakwe wa Mugumu

Mimi nina kipara tangu nikiwa na miaka thelathini na moja. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nalilia nywele. Nywele zilipoondoka sikuziuliza zinakwenda wapi. Baba yangu alikuwa na kipara, babu naye alikuwa nacho, na hapa Nyamwaga mgeni akiulizia duka la dawa za mifugo huambiwa tu, nenda pale mbele, utamkuta mzee mwenye kichwa kinachong'aa. Nilikuwa najivunia, kusema kweli. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, nilikipaka mafuta kikawaka.

Sasa shida ikaja palepale, juu ya kichwa kisicho na kitu. Hadi leo sielewi kwa nini haikuchagua mahali pengine.

Ilikuwa Jumapili, tuko kanisani. Mke wangu akanipangusa bega. Nikashtuka, maana huyu si mtu wa kunishikashika mbele za watu. Akapangusa tena.

"Una unga," akaninong'oneza.

Jana yake nilikuwa nimepita kwenye mashine ya kusaga, kwa hiyo nikaona sawa, ni unga wa mahindi. Nyumbani nikalikung'uta koti, nikalitundika. Jumapili iliyofuata sikuwa nimepita mashine yoyote, wala sikushika gunia, na unga ulikuwepo mabega yote mawili.

Nikachukua kioo cha mke wangu nikaenda nacho nje kwenye mwanga. Loo! Pembeni, pale nywele chache zilipobaki kama uzio mbovu, kulikuwa na vigamba vyeupe, vingine vya manjano kidogo, vya mafutamafuta. Juu ya utosi kulikuwa na mabaka yaliyopauka, rangi yake imefifia kuliko ngozi yangu. Nikakwaruza kwa ukucha, vikadondoka. Nikakwaruza tena, kichwa kikaanza kuwasha. Kilikuwa kinawasha siku zote nikawa sijatambua, au kiliwasha kwa sababu nimekitazama? Sijui. Tangu siku hiyo hakikuacha.

Nikajiuliza, ni mba? Lakini mba nilijua ni ya watu wenye nywele. Mba inakaa kwenye nywele kama kupe anavyokaa kwenye manyoya. Mimi nina nini cha kuifuga?

Nilikwenda kwa kinyozi wangu kule Nyamongo, kijana mmoja mwenye maneno mengi, ambaye hunipunguza zile za pembeni. Nikamwonyesha. Akaniinamisha kichwa, akakigeuza huku na huku, akanyamaza. Kinyozi akinyamaza ujue kuna jambo.

"Mzee, hii siyo mba," akasema. "Mba inataka nywele ya kujishikiza. Hii ni ukavu. Vumbi la barabara na jua. Kichwa chako hakina kivuli."

"Na ile mashine yako unayowapitishia watu wote kutwa nzima?"

"Ah, mzee! Mashine yangu naipitisha kwenye spiriti!"

"Umeipitisha lini, mura, kijana wangu? Mimi nimekaa hapa nusu saa nakuangalia."

Tukagombana kidogo, akaninyoa bure kunituliza, nikaondoka na neno moja kichwani: ukavu. Basi, nikasema, kama ni ukavu, dawa yake ni mafuta. Hapo akili yangu ilikuwa bado inafanya kazi vizuri, ndivyo nilivyoamini.

Wiki hiyo nilikwenda Tarime mjini kuchukua mzigo wa duka. Kuna mfanyabiashara mmoja pale, mzee wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka pwani zamani, mtu mstaarabu sana, anauza vikoi, udi na mafuta ya kila namna. Nikamweleza kwa mzunguko, kana kwamba ninamzungumzia jirani yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua chupa ndogo ya mafuta ya habat soda akanipa.

"Mwambie jirani yako apake asubuhi na jioni, inshallah," akasema, macho yake yametua juu ya utosi wangu.

Nikapaka chupa nzima. Kichwa kikanukia vizuri, na vigamba vikaongezeka.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hata leo mke wangu akilikumbuka hulazimika kukaa chini. Nilijiambia: wewe mtu mzima, umekaa na ngozi za ng'ombe miaka ishirini. Watu wanatoka hadi Gorong'a kukuuliza ndama wangu ana nini, na wewe unawaambia bila hata kumwona. Ng'ombe akikauka ngozi, chuchu zikapasuka, unafanyaje? Dukani kwangu, rafu ya pili, kuna makopo ya mafuta mazito ya njano ya kulainisha chuchu wakati wa kukamua. Nimewauzia akina mama wengi wanaopaka kwenye visigino vyao vilivyopasuka, na visigino vikapona. Kama inatosha kwa chuchu ya ng'ombe na kisigino cha mwanamke anayelima kwa jembe, itashindwaje na kipara?

Siku ya kwanza, kiling'aa kama sufuria mpya. Nikatembea barabarani kifua mbele. Siku ya tatu vigamba vilirudi, vikiwa vinene zaidi, vimeganda pamoja, na kuwasha kumeshuka mpaka kwenye nyusi na pembeni mwa pua. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikasema dozi haitoshi. Ng'ombe ni mkubwa, kichwa changu ni kidogo, lakini huenda ugonjwa wangu ni mkubwa kuliko wa ng'ombe. Nikaongeza. Asubuhi, mchana, jioni. Na kadiri nilivyoongeza ndivyo kichwa kilivyozidi kuchubuka, na kadiri kilivyochubuka ndivyo nilivyoona bado ni kikavu. Nilikuwa nazunguka palepale kama ng'ombe aliyefungwa kamba.

Ndipo nikanunua kofia ya pama, nyeusi, yenye ukingo mpana. Niliivaa dukani, niliivaa shambani kwenye migomba, niliivaa mezani. Kulala nilivaa kofia ya sufu nikamwambia mke wangu nasikia baridi.

"Baridi ya wapi mwezi wa kumi na mbili?" akaniuliza.

Siku moja alinyoosha mkono aivue nikiwa nakula, nikamfokea mbele ya watoto wote mpaka kijiko kikamdondoka. Sikuwahi kumfokea hivyo. Sikujua hasira ile imetoka wapi.

Niseme nilichokuwa nakiogopa, maana bila hicho nitaonekana mjinga tu. Yale mabaka. Mimi nimekua nikisikia wazee wakisema kuwa mabaka yaliyopauka ndiyo mwanzo wa ukoma. Sikumuuliza mtu yeyote. Nilikuwa najibonyeza baka moja usiku na mchana kujua kama nasikia, na nilikuwa nasikia, lakini nikajiambia labda kesho sitasikia. Jamani, hofu ni kitu cha ajabu. Nilikuwa nauza dawa za kutosha boma zima, na mwenyewe naogopa kumwonyesha daktari kichwa changu.

Hofu hiyo ikapata miguu pale mke wangu aliponiambia kuwa binti yetu mkubwa amepata mchumba.

Binti yetu ni mwalimu wa shule ya msingi kule Mugumu, wilaya ya Serengeti. Kijana ni mwalimu mwenzake, wa hukohuko. Kijana mwenyewe nilimwona mara moja, ananisalimia shikamoo huku ameshika mikono miwili mbele, nikampenda palepale. Binti yangu akimtaja alikuwa anacheka bila sababu. Nilitaka ndoa hii kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote.

Lakini nilijua kitakachotangulia. Kwetu huku, kabla ng'ombe wa mahari hawajatajwa, watu wa upande wa kijana hutuma mtu wao kimyakimya. Anakuja kama mnunuzi wa ndizi, kama mgeni wa jirani, anauliza kidogo kidogo. Ukoo ule ukoje? Kuna kifafa? Kuna wendawazimu? Kuna ukoma? Mama yao aliwahi kutajwa kwa mambo ya usiku? Najua, kwa sababu mimi mwenyewe nimetumwa. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Gorong'a kumpeleleza binti wa watu kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu. Nikasikia shangazi yake huanguka kifafa. Nikarudi nikasema tuache, na tukaacha. Binti yule sijui aliishia wapi. Wakati ule sikuona kosa langu hata chembe. Nilipovaa ile kofia ndipo nilipoanza kumuwaza.

Wageni wakaja Jumamosi moja ya mwezi wa sita, likizo, binti akiwa nyumbani. Walikuwa saba. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, mzee mrefu mwenye fimbo, sauti ya taratibu, Kiswahili cha kuchagua maneno. Alikuwepo na shangazi wa kijana, mama mnene ambaye macho yake hayakutulia, yalipita kwenye kuta, kwenye viti, kwenye kofia yangu. Nikajua huyu ndiye mpelelezi. Jasho likanitiririka ndani ya kofia, na kichwa kikawasha kiasi kwamba nilikuwa nakanyaga mguu wangu mmoja kwa mwingine ili nisijikune.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Binti akaitwa, akapiga magoti, akasalimia, akaulizwa kama anawafahamu hawa wageni, akasema ndiyo anawafahamu. Akina mama wakapiga vigelegele. Nyama ikaletwa kwenye masinia. Baba mkubwa akasema, kabla hatujala na kabla hatujaingia kwenye lile lililotuleta, tusimame tumwombe Mungu.

Tukasimama. Wanaume wakavua kofia. Hata kijana wa bodaboda aliyewaleta wawili wao, aliyekuwa amesimama mlangoni, akavua helmeti yake akaiweka kifuani.

Mimi sikuvua.

Niseme nini? Mkono ulikwenda mpaka kwenye ukingo, ukashika, ukaganda. Niliona mabaka yangu kana kwamba nimesimama juu ya dari naangalia chini. Niliona vigamba vikidondokea kwenye sinia la nyama. Nikamwona yule shangazi. Mke wangu akanikanyaga mguu. Baba mkubwa akafumbua jicho moja, akanitazama, akasubiri. Chumba kizima kikasubiri.

"Endeleeni tu," nikasema.

Akaomba. Ilikuwa sala fupi sana, fupi kuliko sala ya chai. Kisha hakukaa. Akasema, "Tumeona, mzee mwenzangu. Sisi tutarudi kuzungumza kwetu kwanza." Wakatoka mmoja mmoja, kwa heshima zote, wakitushika mikono. Nyama ikabaki kwenye masinia inapoa. Binti yangu aliingia chumbani akafunga mlango, na hatukusikia sauti yake mpaka kesho yake.

Mke wangu alinisubiri mpaka vumbi la wageni likatulia.

"Ulikuwa na nini? Ungevua hiyo kofia ungekufa?"

"Wangeona."

"Wangeona nini? Kipara? Nani hajui una kipara?"

"Wamejua, mama watoto. Wamejua. Yule mama ameshanukuu kila kitu."

"Amenukuu nini?"

Basi nikavua kofia. Yeye na mimi tumeishi miaka ishirini na saba, nami nikasimama mbele yake kama nimefumaniwa. Alikitazama kichwa kwa muda. Nilitegemea apige kelele. Akasogea, akanusa.

"Hayo si yale mafuta ya ng'ombe?"

Kesho kutwa yake alinipandisha kwenye bodaboda kwa lazima, yeye nyuma yangu kama askari, mpaka kwenye kituo cha afya Nyamongo. Daktari alikuwa msichana, umri wa binti yangu kabisa. Akaniamkia, akaniambia nivue kofia. Safari hii nilivua.

Akavaa glovu, akaangalia utosi, nyuma ya masikio, nyusi, pembeni mwa pua, hata kifuani. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa ni yangu, "Daktari, niambie tu. Ni ukoma?"

Hakucheka. Hilo namshukuru. Alichukua pamba, akaniambia nifumbe macho, niseme kila ninapoguswa. Akagusa baka la kwanza. Nikasema hapo. La pili, hapo. La tatu, hapo. Akagusa kwa wepesi mno, kama inzi anatua, na kila mara nilisema hapo, hapo, hapo, na machozi yakaanza kunitoka nikiwa nimefumba macho. Mke wangu alikuwa pale kwenye kiti, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Siyo ukoma, mzee," daktari akasema. "Baka la ukoma kwa kawaida linakufa ganzi, na lako liko hai. Na ukoma wenyewe siku hizi unatibika. Hii ni mba."

"Lakini sina nywele!"

"Mba haihitaji nywele. Ni ya ngozi."

Nikamtazama mke wangu, mke wangu akanitazama. Mwaka mzima kasoro miezi, na hakuna aliyenipa sentensi hiyo.

"Unapaka nini?" akauliza daktari.

Mke wangu alikuwa amelibeba lile kopo. Akaliweka mezani. Daktari akalisoma, akaligeuza, akakutana na picha ya ng'ombe.

"Mzee, hii ni ya ng'ombe."

"Najua. Nauza mwenyewe."

Akang'ata mdomo wa chini. Kisha akanieleza, polepole, kama mimi ninavyowaeleza wateja wangu. Kuna vijidudu vya fangasi vinavyoishi kwenye ngozi ya kila mtu, na kwa wengi havina neno. Vinapenda mafuta. Kwa watu wengine ngozi haivumilii vikiongezeka, inakasirika, inachubuka, inawasha, na kwa ngozi nyeusi inaacha mabaka yaliyopauka ambayo rangi yake hurudi ikitulia. Mimi nilidhani nalainisha ngozi kavu, kumbe nilikuwa navilisha. Asubuhi, mchana, jioni. Halafu nikavifunika na kofia vipate joto na jasho.

Ala! Mimi, mtu wa mifugo, nilikuwa nafuga na sijui.

Nikauliza, "Inaambukiza?"

"Haiambukizi."

"Inapona?"

"Inatulia. Inaweza kurudi, unaituliza tena."

"Sasa ugonjwa gani huo, hauui wala hauponi?"

"Ndivyo ulivyo, mzee. Ni kama kupalilia."

"Ni ya ukoo?"

Akafikiri. "Wakati mwingine huonekana kwenye familia moja, ndiyo."

Siyo ukoma, nifurahi. Lakini ni ya ukoo, na ukoo ndio walioulizia wale wa Mugumu. Kwa hiyo shangazi mnene alikuwa na haki? Nilitoka pale sijui nicheke au nilie, nimeshika karatasi iliyoandikwa shampoo. Mimi, shampoo! Dada wa duka la dawa akauliza, "Ya mama?" Nikamwambia ni yangu. Akaitazama kofia yangu. Nikamwambia afunge tu kwenye mfuko aache kunitazama.

Maagizo yalikuwa hivi: mara mbili kwa wiki, paka povu kichwa chote mpaka nyusi, kaa dakika tano, suuza. Mafuta mazito acha. Kofia ifue. Ukitoka juani vaa nyepesi yenye hewa, ukiingia ndani vua. Nikafuata kama askari wa zamu. Wiki ya pili kuwasha kukapungua. Wiki ya tatu nilipangusa bega langu nikaona koti jeusi tupu.

Lakini Mugumu kimya. Hakuna simu, hakuna mjumbe. Binti yangu alikuwa anatembea humu ndani kama mgeni, anapika, anafua, anajibu ndiyo baba, hapana baba, kitambaa kichwani. Likizo ilikuwa inakwisha. Mimi nikawa najiandaa kusema naye na sijui nianze na neno gani. Nimwambie nimeharibu ndoa yako kwa sababu ya mba? Nimwambie na wewe huenda ukaipata, ni ya ukoo? Kila nilipofungua mdomo nilimwuliza habari za shule.

Asubuhi moja niko uani kwenye beseni, kichwa chote povu, simu yangu juu ya jiwe inahesabu dakika tano. Akaja akasimama mbele yangu.

"Baba, naomba nikuulize. Usikasirike."

"Uliza."

"Kwa nini humtaki?"

"Simtaki nani?"

"Umewakataa wageni. Hukutaka hata kuvua kofia tuombe. Baba yake mkubwa amesema mzee ametuonyesha wazi kwamba hataki undugu nasi, na sisi hatutamlazimisha. Mwenzangu ananiuliza kila siku alikukosea nini, nami sina la kumjibu."

Nilibaki mdomo wazi, povu likaingia ndani. Wiki zote hizo! Nilikuwa nimekaa nikisubiri hukumu ya ukoo wangu, na kule Mugumu watu wazima wamekaa wamenuna kwa sababu wanadhani nimewadharau. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza habari ya ngozi. Nikamweleza binti yangu yote, harakaharaka, bila mpangilio, ukoma, pamba, ng'ombe, mafuta, fangasi. Alinisikiliza macho yake yametua juu ya povu. Hakucheka, na nilimtegemea acheke.

"Nipe namba ya baba mkubwa," nikasema.

Nikampigia palepale, simu inateleza mkononi. Nikamwamkia, ingawa huenda tunalingana. Nikamwambia, mzee mwenzangu, siku ile sikuwadharau, kichwa changu kilikuwa kinaumwa mba, nikaona aibu kukifunua mbele yenu.

"Mba?" akasema. "Kwenye kipara?"

"Kwenye kipara."

"Mzee, sisi tumekosa usingizi hapa kwa ajili ya mba?" Nikasikia akimwita mtu, akimweleza, na sauti ya mwanamke ikicheka mpaka ikakohoa. Bila shaka ni yule shangazi. "Tunakuja," akasema. "Na ile nyama yetu tunaidai."

Nikaweka simu chini. Nilikuwa nimeshinda! Nikamgeukia binti yangu nikiwa nacheka, povu linanichuruzika usoni, nikamwambia mambo yamekwisha, wanakuja, sasa utaniambia baba yako siyo mtu?

Alikuwa analia. Akafungua kile kitambaa. Alikuwa amefumua rasta zake, nywele amezigawa katikati kwa vidole, na kwenye mistari yote, na mbele pale nywele zinapoanzia, kulikuwa kweupe. Vigamba vile vile. Mabaka yale yale.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwaka jana."

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Mwenzako je?"

"Hata yeye. Nafunga kitambaa, nasuka. Wageni walipoondoka siku ile niliumia, Baba, halafu nikasema afadhali, maana siku moja angeona."

"Sasa mwanangu, mwaka mzima! Baba yako anauza dawa za ngozi. Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuja Desemba nikuulize," akasema. "Nikakuta umevaa kofia mezani. Mama akataka kukuvua, ukamfokea. Nikajua ni kitu cha kuficha."

Simu ikalia pale juu ya jiwe, dakika tano zimekwisha, na sikusuuza. Tangu avunje ungo sikuwahi kumgusa kichwa binti yangu, kwetu baba hafanyi hivyo, na sikujua nishike wapi. Nikachota maji kwa kopo, nikamwambia ainame.